Butoyi Yupi

Jumatatu, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bodaboda kanishusha njia panda ya Mwanga, hataki kuingia topeni. Nimefika ofisini viatu mkononi.

Kosa limeondoka. Wiki nzima iliyopita, watoto walipozidi, ukurasa wa kliniki ya watoto ulikataa kufunguka. Kiunzi tulichojengea tovuti hii, yaani programu ya msingi, hakikubali vipande viwili vya ukurasa viwe na kitambulisho kimoja. Kila kitufe, kila kisanduku, kila paneli, lazima iwe na chake. Bwana Lusekelo, mwenye ofisi, ndiye aliyeianza kazi kabla sijaja, na paneli ya kila mtoto akaipa kitambulisho kwa jina la mtoto. Namba hawana bado. Kadi wanapewa huko mbele, kambini. Hapa kwenye kituo cha mapokezi, kando ya ziwa, wakimbizi wanashuka tu kutoka Burundi, wanasubiri basi. Na majina yao ni akina Bukuru, akina Butoyi, akina Minani, nyumba kwa nyumba. Kiunzi kikapiga kelele.

Nimekinyamazisha. Kila familia nimeiweka ndani ya kontena lake, boksi la kwenye ukurasa. Ndani ya kontena kitambulisho ni cha nyumba hiyo tu, Butoyi wa huku hagombani na Butoyi wa kule. Ukurasa umefunguka papo hapo.

Kitufe cha Tafuta kikaleta patupu. Kiunzi hakichungulii ndani ya kontena mpaka ukipe anwani nzima: familia kwanza, kisha mtoto. Manesi hawawezi kuandika yote hayo, foleni inawasubiri. Nikaandika msimbo mfupi unaoingia kontena moja baada ya jingine mpaka umkute mtoto. Ukamkuta. Lusekelo kaninunulia chapati. Najiona fundi leo, na sioni haya kujiona hivyo.

Jumanne, 8 Machi

Umeme hakuna mpaka saa nane.

Bukuru kapita na dagaa wa Kibirizi kwenye ndoo. Kanikuta nimekaa gizani na laptopu isiyo na chaji, kacheka mpaka kaegemea mlango. Pacha wangu huyu ana mdomo. Kwa Warundi na Waha pacha anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, awe mume awe mke, mzazi hachagui. Yeye alitangulia. Hajawahi kuniacha nisahau. Mimi ni Butoyi, ingawa Ujiji nzima wananiita Toyi.

Babu alivuka ziwa miaka mingi iliyopita, baba kazaliwa huku, sisi ni watu wa hapa. Lakini jina lilivuka pia.

Jumatano, 9 Machi

Siku ya kupima. Nimekaa na Sista Edina kuona ukurasa unavyofanya kazi. Nesi mzuri, mkali, anaongea na mizani kama vile ni mtu mvivu. Anaandika jina la mtoto, anabonyeza Tafuta, paneli inafunguka, anaandika kilo.

Akaja mama mmoja anaitwa Goreti, na mapacha. Bukuru mnene, amekalia kiuno cha mama kama mwenye nyumba. Butoyi, wa kike, amefungwa mgongoni, kichwa kimelala upande. Mkono wake unaenea kwenye duara la vidole vyangu viwili. Huyu ndiye anayepewa unga wa lishe. Yuko kwenye huo unga tangu walipoteremka kwenye boti.

Sista akaandika Butoyi. Paneli ikafunguka. Akaandika kilo. Mchoro wa uzito ukaonyesha kwamba mtoto ameshuka ghafla, kana kwamba wiki mbili zilizopita alikuwa mtoto mwingine kabisa. Sista akanitazama. Mimi nikatazama mchoro. Foleni ilikuwa imefika nje, tukaendelea.

Kuna kitu. Sijui ni nini. Sipendi.

Alhamisi, 10 Machi

Nimekijua.

Ni msimbo wangu. Unaingia kontena la kwanza, la pili, la tatu, na ukimkuta Butoyi unasimama. Hauulizi kama wako wengine mbele. Butoyi wa kwanza kwenye ukurasa ni mtoto wa mama anaitwa Esperansi, banda la kwanza, mvulana mwenye mashavu. Jana Butoyi wote waliopita kwenye mizani wameandikwa juu yake. Amepungua, ameongezeka, amepungua, asubuhi moja. Butoyi wengine wote wanaonekana hawakuja.

Ule ukelele wa wiki iliyopita ulikuwa ukweli. Kiunzi kilikuwa kinaniambia wako wengi. Mimi nikaufunga mdomo, nikala chapati.

Nimemwambia Lusekelo. Hakukasirika. Yeye anaujua huo mfumo kuliko mimi, alielewa kabla sijamaliza sentensi. Alisema tu kwamba wageni wanaokuja kutazama tovuti, hao wenye fedha za mradi, wanafika Jumatano, na vipande vingine vyote, mchoro, ripoti, ujumbe wa simu, vinawatafuta watoto kwa majina hayohayo. Tukigusa sasa, kote kutabomoka. Baada ya wageni, dada Toyi.

Nikamwambia ukurasa unamfuta mtoto kwenye orodha ya unga asipoonekana mara mbili mfululizo. Wiki iliyopita uligoma, hakuna aliyeandikwa. Jana ndiyo ya pili.

Akarudia, baada ya wageni.

Ijumaa, 11 Machi

Siku ya unga. Nimekwenda mwenyewe, bila kutumwa.

Goreti alifika dirishani kwa mtunza stoo. Yule anatazama kioo cha kompyuta tu, kioo kikisema ndiyo anatoa, kikisema hapana hatoi, na simlaumu, ameambiwa hivyo. Kioo kikasema Butoyi ametoroka. Ndivyo tulivyoandika, kwa neno hilohilo. Mtoto yuko mgongoni kwa mama yake, ametoroka.

Goreti hakupiga kelele. Aliuliza kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani: "Atoroke aende wapi? Hajui kutembea."

Mtunza stoo akainamisha macho. Sista Edina akaja, wakabishana, akampatia Goreti pakiti chache alizoandikia sahihi yake kwa hasira. Za siku tano sita. Akamwambia Goreti asimgawie mwingine, ampe huyu tu. Akanigeukia, akanitazama, akarudi kazini. Afadhali angenigombeza.

Nina hasira na mimi mwenyewe na bado nina hasira na Lusekelo. Zinatosha zote mbili.

Jumamosi, 12 Machi

Lusekelo ametuita asubuhi, mimi na Deo. Deo ndiye mwandikishaji wa kituo, mkimbizi mwenyewe, mtu mpole wa umri wa baba, alikuwa mwalimu kwao. Lusekelo amepata dawa. Hatutagusa msimbo. Tutagusa majina. Kila mtoto ambaye jina lake limejirudia atapewa jina la mfumo. Jina rahisi, tofauti, la kwenye kompyuta tu. Jumatatu Deo apite mabanda yote.

Nikasema hapana. Akasema ni majina tu, Toyi, siyo watu.

Nimerudi Ujiji nimefura. Nimewapikia ugali mgumu kama tofali. Baba kaula hivyohivyo. Nilipowaeleza akacheka kicheko kifupi, akasema alipoandikishwa shule mwalimu alimtaka jina la ukoo, na kwetu ukoo hauna jina la kubandika watoto, kila mtoto anapewa lake na lina sababu yake. Basi mwalimu akamwandika jina la mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Vyeti vyake vyote vina jina la yule mtu. Baba mpaka leo hajui alikuwa nani.

Bukuru akasema yeye apewe jina la mfumo Alhaji Tajiri. Nikamtupia mwiko. Lakini sikucheka. Sitaki mtoto wa watu aandikwe upya kwa sababu mimi nilikuwa mvivu wa kuandika msimbo mpaka mwisho.

Jumatatu, 14 Machi

Deo amepita mabanda. Nimemfuata. Alikuwa anafanya kwa aibu, namwona, anasogea karibu na mama, anaongea Kirundi taratibu, anaandika haraka. Akina Minani wamekuwa John na Peter. Butoyi wa Esperansi, aliye wa kwanza, kabaki na jina lake. Butoyi wa Goreti amekuwa Happy.

Goreti akaniuliza mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama kama mtu mwenye deni: "Happy ni nani? Mimi sina Happy. Umwana wanje ni Butoyi." Nikamwambia ni la kwenye kompyuta tu. Nimejisikia nikisema maneno ya Lusekelo kwa mdomo wangu. Akasema kompyuta ikimwita mwanawe Happy, nani ataitika. Bukuru yuko hapa, alisema, na Bukuru hawezi kuwa Bukuru wa Happy.

Nikamwambia na mimi ni Butoyi. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha kwa mara ya kwanza akacheka. Akaniuliza Bukuru wangu yuko wapi. Anauza dagaa, nikasema. Akafurahi kabisa, kana kwamba nimempa habari za kwao.

Mchana banda lilipoitwa kwa majina mapya kwa ajili ya uji, hakuna aliyeinuka. Deo akaita Happy, Happy, Happy. Uji ukapoa. Akaishia kuwaita kwa majina yao.

Kesho naandika msimbo upya. Sitaomba ruhusa.

Jumanne, 15 Machi

Nimeuandika. Haukuwa mgumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Usisimame kwa wa kwanza. Ingia kila kontena, shuka mpaka chini, mkusanye kila mwenye kitambulisho hicho, rudi nao wote. Waoneshe wote, na pembeni ya kila mmoja jina la mama na kilima walikotoka. Hapo ndipo nesi anamwuliza mama. Warundi wenyewe ndivyo wanavyoulizana: musozi gani? Ukishajua kilima umemjua mtu. Hakuna Murundi anayeshangaa kwamba wako Butoyi wengi, wala anayedhani kwamba kwa sababu ni wengi basi mmoja anatosha.

Vipande vingine sikuvibomoa. Mchoro, ripoti na ujumbe wa simu navyo nimevielekeza kutumia anwani nzima, familia na mtoto.

Nilipotaka kuupandisha kwenye sava, nenosiri limekataa. Lusekelo amelibadilisha. Alikuwa amekaa mezani kwake, hatua chache kutoka kwangu, anakunywa chai, hakuinua uso. Nikamwuliza. Akasema anaogopa. Kwa kweli alisema hivyo, anaogopa, mkataba huu ndio unaolipa ofisi yote, na mimi pia nalipwa humo. Kesho maonyesho yapite salama tu, tafuta Happy, waone paneli inafunguka, wapige makofi, waondoke. Keshokutwa tufanye unachotaka.

Keshokutwa unga wa Sista utakuwa umeisha. Nimemwambia hivyo. Akasema atazungumza na stoo. Hajazungumza.

Jumatano, 16 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wageni walikuja kabla ya saa nne, magari meupe, wamevaa viatu vya mvua vipya. Banda kubwa limesafishwa. Projekta ukutani. Mama na watoto wao wamekalishwa kwenye mikeka mbele. Lusekelo akaeleza vizuri, anaeleza vizuri siku zote. Kisha akanipa ishara nitafute Happy.

Mimi nikaandika Butoyi.

Paneli ikafunguka. Mtoto wa Esperansi, banda la kwanza, mashavu. Lusekelo akasema kwa haraka, kama mnavyoona. Mimi nikasimama. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, nikamwachia mkalimani kazi yake, kwamba huyu siye. Kwamba kwenye banda hili wako wengi na ukurasa wetu unamjua mmoja. Kisha nikawageukia akina mama, nikauliza: Butoyi yuko wapi?

Akasimama Esperansi. Akasimama mama mwenye kitenge cha kijani. Akasimama bibi mmoja na mjukuu. Wakaendelea kusimama, huku mmoja, kule mmoja, wengine wananong'onezana na kucheka, hawajui kinachoendelea lakini wameitwa, wameitika. Mzee mmoja nyuma kabisa akasimama na yeye, mwenyewe ndiye Butoyi. Goreti akawa wa mwisho kwa sababu alikuwa anamfungua mtoto mgongoni. Akamwinua juu kidogo ili aonekane.

Na mimi nilikuwa nimesimama tayari.

Nikamwambia mkalimani awaambie kwamba yule mwembamba ndiye ambaye kompyuta inasema ametoroka, na jina alilopewa ili leo lipendeze ni Happy. Mkalimani alisita. Akatafsiri. Mgeni mmoja mwanamke akaandika kitu. Mwingine akatazama saa. Hawakupiga makofi, hawakugomba. Wakaenda kutazama vyoo.

Sista Edina akamchukua Butoyi palepale akamweka kwenye mizani, akaandika kwenye karatasi kwa kalamu, akatoka naye mwenyewe mpaka stoo. Nikaona mtunza stoo anatoa pakiti, boksi zima, bila kutazama kioo.

Gari lilipofika Mwanga, Lusekelo akasema, kesho usije.

Sawa.

Alhamisi, 17 Machi

Kibirizi. Bukuru amefurahi kupata kibarua cha bure. Nimegeuza dagaa juani mpaka mgongo umekufa. Mawingu yakija tunakimbia kuwafunika, yakiondoka tunawafunua. Wachuuzi wananiuliza msomi amefanyaje leo. Nawaambia msomi kafukuzwa. Wanasema pole, wananipa muwa.

Sijuti. Nimejichunguza vizuri na sijuti. Ninachokiogopa ni kwamba nimefanya kelele na ukurasa bado ni uleule.

Jumamosi, 19 Machi

Ujumbe wa Lusekelo asubuhi. Nimtumie msimbo wa kutafuta wote. Neno samahani halimo, wala la kunirudisha.

Nikamjibu: majina ya watoto yarudi kwanza. Majina yote. Nikazima simu ili nisidhoofike. Nilijiona shujaa mpaka mchana.

Mchana Sista Edina kanifuata Kibirizi kwa bodaboda, na sare yake, kati ya mikeka ya dagaa. Basi la kambini linaondoka Jumatatu asubuhi. Goreti yumo. Kambini hawamjui Sista Edina wala karatasi yake ya kalamu. Watafungua tovuti hii hii. Wakimtafuta Butoyi watamkuta wa Esperansi, aliye hapa. Wakimtafuta Happy watamkuta mtoto asiye na kilo hata moja iliyoandikwa, kama aliyezaliwa Jumatatu. Wataanza upya kumpima, kumsubiri, kumthibitisha. Kwa mtoto yule wiki mbili za kusubiri ni nyingi.

Nimekaa juu ya gunia. Nimetaka kulia, nimekasirika badala yake. Masharti yangu yalikuwa mazuri na hayana msaada kwa mtoto anayepanda basi.

Jumapili, 20 Machi

Nimekwenda kwa Lusekelo baada ya ibada, sikumpigia simu. Anakaa kule juu, unaliona ziwa lote. Mkewe kanikaribisha chai. Yeye katoka na kaptula, kashtuka.

Nikamwambia msimbo huu hapa, bila sharti. Kisha nikamwambia kwamba nisipoona majina yamerudi nitapita mabanda yote mwenyewe na kuwaambia mama wasiitikie lingine lolote, na hawataitikia, umeshaona. Akasema hilo ni sharti. Nikasema ndiyo.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Akaleta laptopu yake mezani, akasogeza sahani. Akasoma msimbo wangu kimya, mstari kwa mstari. Akasema kuna shimo. Nikabisha. Akanionyesha. Familia ambayo nesi ameikunja ili ukurasa uwe mfupi, kiunzi hakiijengi mpaka ifunguliwe, na msimbo wangu unaipita kama ukuta. Sikuliona kabisa. Butoyi wa Goreti alikuwa kwenye familia iliyokunjwa. Ningemleta kila mmoja isipokuwa yeye.

Akarekebisha, mimi nikajaribu, akarekebisha tena. Mkewe akaleta maharage na wali. Tukagombana kuhusu wapi kilima kionekane, kabla ya jina la mama au baada. Nikashinda. Tukagombana kuhusu neno ametoroka. Nikashinda hapo pia. Sasa linasema hajaonekana, na halifungi dirisha la stoo mpaka nesi athibitishe.

Kisha akaandika mwenyewe, mtoto kwa mtoto, akifuta. John, Minani. Peter, Minani. Happy alimfikia mwisho. Aliniambia kwamba kwao Mbeya darasa zima lilikuwa la akina Lusekelo, wengi mpaka mwalimu aliwaita kwa vijiji vyao. Nikamwuliza kwa nini hukusema tangu mwanzo. Akasema alikuwa amesahau.

Sikumwomba kazi. Hakunipa. Nimeondoka jua likiwa bado juu.

Jumatatu, 21 Machi

Nimefika kituoni kabla ya basi. Tope, mabegi, sufuria zimefungwa kwa kamba. Deo anaita majina kwa sauti ya ualimu, majina yao wenyewe, na wanaitika.

Sista Edina alikuwa na laptopu juu ya meza ya mizani. Akaniita kwa kidole. Akaandika Butoyi. Wakatokea wote, mmoja chini ya mwingine, mpaka ikabidi ashushe ukurasa. Akamwuliza Goreti kilima. Goreti akajibu Gasenyi, huku anafunga mzigo, bila kufikiri, kama anavyojibu siku zote. Sista akabonyeza. Paneli ikafunguka: Butoyi, mama Goreti, Gasenyi. Kilo za Jumatano zimo. Kilo za Jumatano iliyotangulia zimo, tulizitoa kwa mtoto wa Esperansi tukazirudisha mahali pake. Mchoro ni mfupi na unashuka. Ni wake.

Goreti alitaka kuona. Hajui kusoma vizuri lakini alilitafuta jina kwa kidole, akalipata, akaweka kidole hapo muda. Akauliza kama Bukuru naye yumo. Nikamwonyesha. Wako kontena moja, mmoja juu ya mwingine. Akaridhika.

Alipopanda basi akanipa mkono dirishani. Akasema: "Butoyi, msalimie Bukuru."

Nimelia njiani kurudi Ujiji. Bodaboda kajifanya haoni.

Jumatano, 30 Machi

Bado niko Kibirizi. Lusekelo kaniuliza jana kama nitarudi baada ya Pasaka. Nimemwambia nitamjibu. Nitarudi, lakini asubiri kidogo.

Saa nne Sista Edina katuma picha ya kioo chake. Kambini wamempima leo asubuhi na wameandika. Butoyi, mama Goreti, Gasenyi. Mstari umeacha kushuka. Umepanda kidogo sana, hata ukiutazama haraka huuoni. Nimeutazama muda mrefu. Nimemwonyesha Bukuru, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kushika simu.

Mchana, wakati wa kukusanya dagaa, mwanamke mmoja amesimama juu kule kwenye njia, ameita: "Butoyi, we Butoyi!" Wamegeuka mbebaji mmoja aliyekuwa na gunia kichwani, na msichana anayeuza maandazi, na mimi. Tumesimama sote tunamtazama, tukisubiri aseme ni yupi.